Hakuna Tembo Saanane

Sayi,

Kama unatafuta mahali nilipoandika habari za chandarua, sabuni na kumeza dawa ukiumwa, acha kutafuta. Hazipo. Wewe ni mtu mzima, kufua unajua, na kama hujui kwamba mvua ikinyesha unaanua nguo, basi chuo chenyewe kimekosea kukuchukua. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ikipitia mdomoni unajua inavyokuwa. Mimi napandisha sauti, wewe unachukua simu, baba yako anakohoa na kusema basi jamani, mtoto anasafiri. Yaani mtoto akisafiri kesho, leo mama yake hana ruhusa ya kukasirika.

Basi nimechukua kalamu. Wewe umekwenda kuagana na wenzako, na bibi yako amekaa hapa mkekani anakumenyea karanga za safari. Anamenya kwa kupapasa, macho siku hizi hayamsaidii kazi ndogondogo. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia Sayi. Akasema, mwambie ale vizuri. Haya, ule vizuri. Salamu nimefikisha.

Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wa karanga, juu kabisa. Nakujua wewe. Kabla basi halijatoka stendi utakuwa umeshaufungua. Nataka uisome kabla ya kufika Lamadi, na sababu nitakuambia mwishoni, kwa hiyo usianze na mwisho kama unavyofanya na kila kitu.

Hasira yangu ni ya jambo moja. Mwezi uliopita, tulipompeleka bibi yako Mwanza kwa daktari wa macho, tulikupa wewe kazi ya kuchagua hifadhi ya wanyama tutakayoingia tukiwa huko. Ukachagua kwa faida yako. Halafu ukapiga video, ukacheka, ukairusha mtandaoni, na tuliporudi nyumbani ukaona yamekwisha. Hayajaisha hata kidogo.

Unajua bibi yako alikuwa mlinda shamba. Umelisikia neno hilo tangu mdogo mpaka halikuingii tena. Lakini hujawahi kulala juu ya dungu. Dungu ni nguzo nne na kitanda cha fito juu yake, katikati ya mtama. Unapanda na debe bovu na fimbo, unakaa usiku kucha unasikiliza. Kijiji chetu kiko mpakani kabisa, ukivuka korongo umeingia pori la akiba, na mtama ukianza kukomaa, tembo wanakuja. Huwaoni. Giza la kule si hili la hapa Somanda lenye taa za bodaboda kila dakika. Unasikia mabua yanavunjika, unasikia pumzi kubwa, unapiga debe na kupiga kelele mpaka koo linakauka. Asubuhi unakuta nyayo, kinyesi, na kipande cha shamba kimelala chini. Mwenyewe ameshaondoka zake.

Mwaka ule bibi yako alipoolewa, mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kwamba ukiwa juu ya dungu humtaji tembo kwa jina lake. Unamwita mkwe. Na kwetu mkwe hatazamwi usoni, hilo unalijua hata wewe wa mjini. Ukikutana naye njiani unapisha, unainama, unasema naye ukiwa umegeukia pembeni. Kwa hiyo wanawake wa mpakani walikuwa wanapiga debe na kusema kwa adabu: mkwe, umekula umeshiba, sasa nenda, na wajukuu wako wapate chochote. Walikuwa wanatukana pia. Bibi yako alikuwa na matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, ila kila tusi lilianza na neno mkwe.

Mimi sikuwa na adabu hiyo. Mimi niliwachukia. Nilikulia kwenye dungu lile, nimekwenda shule na macho mekundu, nimekula uji wa kuomba kwa majirani mwaka walipomaliza shamba letu lote. Nilipoolewa mjini nilimshukuru Mungu, nikaapa sitaki kumwona tembo tena. Hata yule wa kwenye noti ya elfu kumi namkunja kwa ndani. Baba yako ananicheka kwa hilo mpaka leo.

Bibi yako yeye hakuwachukia, aligombana nao tu. Na ukigombana na mtu maisha yako yote bila kumwona, ipo siku unataka umwone sura. Hilo sikulielewa. Nadhani wewe ulilielewa kabla yangu, maana ulikuwepo siku aliposema. Ndiyo sababu nimekukasirikia hivi.

Kumbuka siku ile. Daktari wa hapa Bariadi alikuwa amemwambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki dawa itakichelewesha tu kupotea. Akatuandikia rufaa ya Mwanza wakaangalie zaidi. Bibi yako hakulia. Mimi ndiye niliyelia, barabarani, watu wananipigia honi. Yeye tulipofika nyumbani aliomba maji, akanywa yote, akaweka kikombe chini. Wewe ulikuwa umeegemea mlango.

"Nataka kumwona mkwe mchana," akasema.

Halafu akaeleza. Alisema siku hizi anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo, pembeni kote ni giza. Tundu lenyewe linaziba. Kabla halijaziba anataka amwone tembo amesimama kwenye mwanga, amwone miguu, masikio, macho, amsalimie usoni na ukwe ule wa kutotazamana uishe. Na kwetu ukwe hauishi mikono mitupu, lazima upeleke kitu. Akaagiza mtama kijijini, masuke machache ya mtama mwekundu, akayafunga kwenye kona ya kanga yake mpya. Nikamuuliza kwa nini umpelekee zawadi aliyekula jasho lako? Akaniambia mimi sijui mambo ya ukwe.

Sasa nani achague hifadhi? Wewe, msomi wetu, mwenye simu inayojua kila kitu kilipo. Ukakaa kwenye kigoda, ukatusomea kama karani. Kuna Saanane, kisiwa kiko palepale Mwanza mjini, boti kidogo tu umefika. Kuna Rubondo, kisiwa kikubwa kweli, ila unapita mpaka Geita na zaidi, na lazima kulala. Kuna Serengeti, unaingilia geti la Ndabaka hapo juu ya Lamadi, lakini inataka gari la kuingia nalo, tena ni nyumbani. Ukasema mtu hawezi kwenda jijini halafu akaja kupiga picha kwao. Hukusema kwamba wenzako watakaosoma nawe walikuwa wanakungoja Mwanza siku hiyo, na kwamba mlishapanga Saanane wiki nzima kabla hatujakuuliza. Hilo nililijua nilipowakuta pale gatini na miwani yao ya jua, wanakuita kwa majina nisiyoyajua.

Bibi yako alikuuliza swali moja tu.

"Huko Saanane tembo yupo?"

Nawe ukamjibu, "Utaona wanyama, bibi."

Sayi, afadhali ungedanganya. Mwongo akibanwa anaona aibu. Wewe ulimpa jibu ambalo hata angekushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa ungeshinda. Wanyama! Kuku ni mnyama? Mbuzi wa Rajabu anayekula maboksi dukani si mnyama? Alikuuliza tembo, ukampa jibu la pembeni, na ulijua kwamba mtu ambaye amekuamini hataliona. Nimelizungusha jibu lako kichwani mwezi mzima huu, nikikanda unga, nikiuza chai pale hospitali, na kila nikilifikia naona moto.

Na mimi usidhani najitoa. Nilikuwa nimekaa palepale. Mimi si msomi, lakini kisiwa ambacho mwenyewe ulisema unakizunguka kwa miguu na kurudi kula chakula cha mchana, tembo angekaa wapi? Nilijua vya kutosha kuuliza. Sikuuliza. Tembo nilikuwa siwataki, na boti nilikuwa naitaka. Nimezaliwa mkoa unaogusa ziwa na sijawahi kupanda boti, nikajiona nimekaa mbele, upepo, kitambaa kinapepea. Nikamwambia mama yangu, Sayi amechunguza vizuri, twende huko. Nilichagua kwa ajili yangu nikasema ni kwa ajili yake, na nilisema kwa sauti tamu kabisa. Kwa hiyo ukisoma humu ukaona namgombeza mtu, ujue tuko wawili.

Lakini kilichofuata ni chako peke yako.

Bibi yako anaogopa maji, sijui kama uliliona hilo. Hajawahi kuvuka hata mto bila kushikwa. Kwenye boti alifumba macho na kunishika mkono, kucha zake zikaingia kwenye ngozi yangu, na mkono wa pili ulishika kanga yenye mtama. Hakuuliza tutafika lini. Wewe ulikuwa mbele na wenzako mnapiga picha, na ule upepo nilioutamani sana hata sikuusikia.

Tukashuka. Pazuri, sikatai. Mawe makubwa, miti, swala wametulia kivulini, mijusi yenye vichwa vyekundu, na pimbi kila jiwe. Pimbi! Bibi yako ameishi na pimbi. Nyuma ya nyumba yake kuna majabali wamejaa, wanamlia mboga kila siku. Lakini yeye hakutazama swala wala pimbi. Alisimama pale njiani akaanza kugeuza kichwa. Akageuza taratibu kushoto, akarudi kulia, akainua kidevu, akageuka na mwili mzima. Nikamuuliza mama, unafanya nini? Akasema anamtafuta. Akasema bila shaka yupo upande ambao tundu lake halifiki.

Alidhani ni macho yake, Sayi. Alidhani tembo yupo, sisi sote tunamwona, na yeye ndiye amekosa.

"Niambieni yuko upande gani," akasema, "nami nigeukie."

Kijana aliyekuwa anatutembeza, yule mwenye kofia, Mungu ambariki, ndiye aliyemjibu. Akamsogelea, akainama kidogo, akamwambia, mama, hapa hatuna tembo, tunao hawa unaowaona. Bibi yako akamwomba arudie. Kijana akarudia, polepole, bila kucheka. Bibi yako akasema wabeja, asante mwanangu, akakaa juu ya jiwe. Akafungua kanga kuangalia kama mtama uko salama. Hapo ndipo pimbi aliposogea akanusa masuke, na bibi yako akamkemea. Si yako hii. Hii ni ya mkwe. Toka, mwizi wewe. Pimbi hakutoka, akasimama anamtazama, wakawa wanatazamana, mama yangu na pimbi. Nawe nyuma ya simu ukacheka mpaka ukashika tumbo.

Najua inachekesha. Nisikudanganye, siku nyingine ningecheka hata mimi, na bibi yako angecheka kuliko sote. Lakini wewe ulianza kupiga video pale alipokuwa anageuza kichwa. Nimeiona. Mwanzo wake ni kichwa cha mama yangu kinazunguka, na wewe umeweka muziki. Ukaandika juu yake, "Bibi kamkosa tembo." Uliandika mwenyewe. Yaani uliyajua yote, ukayaandika kwa herufi kubwa.

Baba yako nilipomwonyesha aliguna akasema ni utoto. Utoto una mwisho wake. Kijana mwenye ndevu ambaye anapewa barua ya chuo na kuagwa na ukoo hana utoto. Nilimwambia hivyo, tukalala mzungu wa nne siku mbili, na wewe ukadhani tumegombania mboga.

Sasa nikuambie ambalo hulijui. Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Rajabu na bibi yako kununua chumvi. Unamjua Rajabu, mtu wa Ujiji, hana maneno mengi, ana duka hapa tangu hujazaliwa. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kwenye benchi pale nje na simu moja, wanacheka. Bibi yako alikuwa ameshanishika bega, tunapanda ngazi. Akasimama.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema.

Vijana wakanyamaza, lakini simu haikunyamaza. Ikasema tena si yako hii, hii ni ya mkwe, na kile kicheko kikafuata. Bibi yako akainamisha kichwa upande ule kama anavyofanya akisikiliza mtoto analia nyumba ya jirani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na anayecheka ni Sayi," akasema.

Hakuiona picha, hawezi. Alikujua kwa kicheko. Alikubeba mgongoni mimi nikiwa naenda sokoni, anajua kicheko chako kilipotoka. Akaniuliza wanacheka nini. Nami, Sayi, mama yako ambaye nimejaza kurasa hizi kukusema wewe na jibu lako, nikamwambia wanamcheka pimbi. Lilinitoka hivyohivyo, laini, kama lako. Akasema haya. Rajabu akatoka nyuma ya meza, akachukua ile simu mkononi mwa kijana bila kuomba, akaizima, akamrudishia. Akampimia bibi yako chumvi, akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshika kiwiko.

Jioni yake akaja hapa nyumbani. Akaniambia, "Dada, Lamadi naenda kila mara kufuata dagaa. Noah yangu ina nafasi. Huyu mzee hakuomba mwezi wa mbinguni, ameomba tembo." Akasema ameshauliza madereva wa Lamadi, tembo wameonekana huko ndani karibu na mto. Hakuna anayeweza kuahidi, akasema, lakini angalau mnakwenda mahali walipo. Hiyo ndiyo Serengeti yako ya nyumbani isiyofaa kupigia picha. Mtu wa duka aliyekuja na masanduku yake kutoka Ujiji ndiye aliyeona kwamba mahali pa kumpeleka mama yangu palikuwa hapa karibu.

Kwa hiyo kesho tunakwenda. Alfajiri, kabla ya basi lenu. Ndiyo maana asubuhi utaamka ukute nyumba haina mtu isipokuwa baba yako, na usidhani tumekususa. Nimemwambia bibi yako ukweli wote leo mchana, kwamba Saanane hapakuwa na tembo na sisi wawili tulijua au tulikataa kujua, na kwamba dukani walikuwa wanamcheka yeye. Nilitegemea anitukane, matusi anayo. Aliendelea kumenya karanga zako. Baadaye sana akasema pimbi yule naye alikuwa na kiburi.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenikalisha hapa na kalamu. Anaona kwa tundu dogo tu. Tembo akitokea kushoto hatamwona, akitokea kulia hatamwona, na gari halikai mahali pamoja. Lazima awepo mtu wa kumshika kichwa na kukielekeza panapotakiwa, na kukishikilia hapo mpaka amwone. Nani atamshika? Nikasema mimi. Akasema hapana, wewe huwapendi, akitokea utafumba macho. Ni kweli, ningefumba. Rajabu anaendesha, na si mtu wetu wa kumshika kichwa. Baba yako anakusindikiza stendi na kwenda kazini.

"Sayi," akasema. "Mrefu, na macho yake yanawahi."

Nilikasirika upya. Nilikasirika na yeye pia. Nikamwambia mama, huyohuyo? Akasema nikuulize mwenyewe, kwani yeye ana nani mwingine?

Nilitaka kukungoja urudi kutoka huko kwa wenzako nikuambie kwa mdomo kwamba kesho hupandi basi. Ungekubali, najua, ungenuna lakini ungekubali. Ungekaa kiti cha nyuma na simu, ukamshika bibi yako kichwa kama mtu anayeshika mzigo wa abiria mwenzake. Sitaki. Mtu anayeshikwa kichwa hivyo anajua, hata kama haoni kitu. Kwa hiyo nimeamua kukupa tena kazi ileile. Chagua hifadhi.

Chuo kinapokea wanafunzi wiki nzima, nimeisoma karatasi yako. Mabasi ya Mwanza yanapita Lamadi mchana kutwa. Hukosi kitu ukichelewa siku moja ila kitanda cha juu bwenini, na wenzako wakikuuliza ulikuwa wapi unajua la kuwaambia au hujui, hayo ni yako. Tutakuwa tumesimama pale njia panda ya Lamadi, Noah nyeupe yenye harufu ya dagaa. Basi likitoka Bariadi na kufika pale, kushoto ni Mwanza, kulia ni kwenda getini. Ukishafika Kalemela, njia ya Mwanza, umeshatupita, usipige simu kuomba tungoje, sitaipokea.

Ukishuka, simu iwe mfukoni. Si kwa sababu nimekusamehe, bado. Nimekasirika na nitaendelea, labda mpaka Krismasi utakaporudi, na nitakupikia huku nimekasirika. Lakini mikono yako yote miwili itakuwa na kazi.

Bibi yako atakaa mbele, mtama wake mapajani. Rajabu ameshamweleza kwamba mnyama haruhusiwi kupewa chakula, naye amesema hampi, anamwonyesha tu kwamba alileta. Amechagua na kanga ya kuvaa, ileile ya Saanane. Basi lenu likisimama pale hataliona, maana litakuwa pembeni. Atasikia breki, atasikia mlango unafunguliwa, na ataniuliza kama Sayi ameshuka. Sitamwambia kwamba naona watu wanashuka. Nitamwambia ameshuka, au nitamwambia hakushuka.

Mama yako